Taa Haipigwi Usoni

Juzi kwenye kipaimara cha mtoto wa mdogo wangu nilimfokea mpiga picha mbele za watu, na sijutii. Kijana wa watu kaja na kamera ya maana, mikanda na mifuko imemzunguka kiuno kizima, halafu kazi yake ikawa kutumulika machoni kwa karibu, pwaa, pwaa! Mama mkwe wa mdogo wangu, mtu mzima wa miaka themanini, alibaki anapapasa meza akitafuta soda yake. Nikamwambia, "Baba, taa haipigwi usoni. Ielekeze ukutani, mwanga uje wenyewe." Akanitazama kana kwamba nimemwagiza maji ya moto kisimani. Wifi yangu akanivuta kanga, "Dada, mwache kijana afanye kazi yake." Nikakaa. Lakini kukaa na kutulia ni vitu viwili, na mimi hicho cha pili sikujaliwa tangu utoto. Usiku ule sikulala vizuri. Nilimkumbuka baba yangu, na siku niliyomuua Bibi.

Baba alikuwa mpiga picha wa majumbani, hapa hapa Songea. Tulikaa Mshangano, pale mji unapoishia na mahindi yanapoanza. Ilikuwa miaka ya ruksa. Wenye umri wangu mnakumbuka: jana dukani kulikuwa na viberiti na vumbi tu, leo kuna sabuni za rangi tatu, redio kaseti, na marobota ya mitumba yanafunguliwa sokoni watu wanasukumana. Kabla ya hapo mtu akitaka picha alisimama nje juani, amekunja uso. Sasa watu walikuwa na vitu ndani. Aliyenunua sofa alitaka apigwe amelikalia na vitambaa vyake vya kufuma vionekane. Mwenye kabati la vyombo alitaka glasi zionekane, hata kama watoto wawili itabidi wabaki nje ya picha. Na ndani ya nyumba zetu zile, dirisha dogo, kuta za udongo, mchana kulikuwa na giza la kumfanya mtu ajikwae. Ndipo flashi ikamfanya baba yangu akawa mtu wa kutafutwa.

Wenzake mjini waliibandika flashi juu ya kamera wakamwashia mtu usoni. Picha zikirudi kutoka kusafishwa unaona watu wenye macho mekundu, paji la uso linameremeta, na nyuma yao ukutani kivuli cheusi kimewasimamia. Baba hakuitaka kazi ya namna hiyo. Yeye alikuwa na waya uliojisokota kama mkia wa nguruwe, upande mmoja kwenye kamera, upande wa pili kwenye flashi, na flashi yenyewe aliishika mama yangu, pembeni kabisa, mkono juu. Haikuelekezwa kwa watu. Ilielekezwa kwenye shuka jeupe la mtumba ambalo baba alilitundika ukutani kwa misumari na pini za nguo. Mwanga ulikwenda kwenye shuka, ukarudi kwa watu umelainika. "Uso mweusi haupigwi na taa," baba alipenda kusema, "unaoshwa." Mama hakuwa na msemo wowote. Yeye mkono ndio uliokuwa unamuuma.

Mama alitoka Namasakata, kule Tunduru. Myao, Mwislamu, na alipoolewa na baba hakubadili kitu. Walifunga ndoa bomani. Upande wa baba ni Wangoni Wakatoliki wa Maposeni, na kaka yake baba, Baba Mkubwa, alikuwa katekista. Siku aliyosikia ndoa imefungwa bomani alisema mbele ya ukoo kwamba hatakanyaga nyumba ile mpaka ndoa ifungwe kanisani. Mama alipofikishiwa maneno yale alijibu, "Basi atachoka kusimama." Na kweli, miaka ilipita. Mimi na mdogo wangu tulibatizwa, tukawa tunakwenda kanisani na baba, na mama alitupigia pasi nguo za Jumapili. Baba Mkubwa hakukanyaga.

Kisha Bibi, mama yao, akaugua. Aliletwa mjini hospitali kutoka Maposeni, na alipotoka madaktari wakasema asiende mbali. Akaja kwetu. Ndipo nilipoanza kumwona Baba Mkubwa kwa karibu, maana alikuja kila wiki na baiskeli yake, akasimama nje ya ua, kwenye minyaa, akaniita kwa mluzi. Alinipa maboga, maharage, mara nyingine kuku amefungwa miguu. "Mpe Bibi. Mwambie nimefika." Nakimbia ndani, narudi na majibu. "Anauliza umekula?" "Mwambie nimekula." Nakimbia tena. Mama akitoka kumsalimia, yeye tayari yuko juu ya baiskeli. Shikamoo za mama zilimkuta mgongoni, na kutoka mbali mtu anaweza kujifanya hakusikia.

Sasa Bibi, mama mzazi wa mpiga picha, hakuwa na picha hata moja. Baba alikuwa amepiga nusu ya Songea na mama yake hajampiga. Kila akimgusia, Bibi alijibu vile vile: "Nitapigwa na wanangu wote wawili, ndani ya nyumba, mimi katikati. Sipigwi peke yangu kama mkiwa." Nje hakuweza kutolewa, alikuwa hawezi hata kukaa bila kuegemezwa. Ndani, mtoto wake mkubwa haingii. Basi likawa fundo lisilofunguka, na kila siku Bibi alizidi kupungua.

Mimi nilikuwa na miaka minane na sikuwa na raha. Watu wazima walikaa jikoni wakisema, "Lazima apigwe picha kabla hajafa." Mimi nikaelewa kwamba huo ndio utaratibu: kwanza picha, halafu kifo. Kwamba Bibi anaishi kwa sababu picha haijapigwa, na siku itakayopigwa, basi. Sikumwambia mtu. Nililala nikiamka kwenda kusikiliza pumzi zake. Darasani nilikuwa nachungulia dirishani kuangalia kama kuna mtu anakuja kuniita. Mara mbili nilizificha pini za nguo ndani ya pipa la mahindi ili shuka lisitundikwe, na baba akamgombeza mama kwa kupoteza vitu. Mama alizikuta mara ya pili. Hakunichapa. Alinitazama tu, akasema, "Wewe mtoto una nini?"

Nadhani ndiyo sababu walingoja mpaka nimeondoka. Ilikuwa Jumamosi, mimi nimekwenda mafundisho ya komunyo ya kwanza. Asubuhi ile Bibi aliamka akamwambia baba, "Haya, piga. Nimechoka kumsubiri." Hayo niliyajua baadaye. Nilichokiona mimi nikirudi, saa nne hivi, ni viti vyetu vyote vimetolewa nje, vimepangwa uani.

Nani asiyejua maana ya viti kutolewa nje? Nilisimama. Nikasogea mlangoni. Sebule ilikuwa tupu, imefagiliwa, na kuta tatu zimetundikwa mashuka meupe kuanzia juu mpaka chini. Katikati, kitanda cha Bibi. Na Bibi juu yake, amelala chali, kitambaa cheupe kichwani, macho yamefumbwa, mikono imekutanishwa kifuani na rozari imezungushiwa vidole. Hapakuwa na mtu mwingine. Nikawaza: wameshapiga.

Sikuingia. Nilipiga ukelele ambao mpaka leo nikiukumbuka naona haya, nikakimbilia kwa jirani, Mama Tulizo. "Bibi amekufa! Bibi amekufa!" Mama Tulizo alitoa kichwa nje ya ua wake, akaviona viti, akaona kipande cha shuka jeupe mlangoni, akahitaji ushahidi gani tena? Akafunga kanga kiunoni, akaweka mikono kichwani, akaanza. "Mayooo, mama wee!" Mumewe alikuwa ndiyo anapanda lori la mahindi liendalo Peramiho. Akasema atapitia Maposeni amwarifu katekista. Lori likaondoka. Ndani ya robo saa uani kwetu palikuwa na wanawake zaidi ya kumi na tano, wameketi chini, miguu wameinyoosha, wanalia, na mzee mmoja ameleta gogo la moto wa matanga.

Mama alitoka mbio nyuma ya nyumba, pasi ya mkaa mkononi. Alikuwa anapiga pasi shuka la nne. Baba alikuwa dukani kutafuta betri za flashi. "Kuna nini? Jamani, kuna nini?" Wakamkumbatia, pasi na yeye, nusura amuunguze mtu. "Pole, mwanangu, pole." Mama akaanza kulia na yeye, bila kujua anamlilia nani.

Kisha ndani kukasikika sauti, nyembamba lakini kali. "Nani amekufa?"

Nawaambieni, kilio kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Wawili waliruka minyaa. Mama Tulizo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na mlango, akachungulia huku ameshika kifua.

"Ni... ni wewe, mama."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Bibi akauliza tena: "Amekuja nani?"

Akatajiwa mmoja mmoja. Aliposikia lori limekwenda Maposeni, alifumbua macho yote mawili. Baba naye akaingia, ana betri mkononi, akaelezwa, akanitazama jicho lile la kusema tutaonana baadaye. Kisha akadaka baiskeli ili alifuate lori.

"Weka baiskeli chini," Bibi akasema.

"Mama, kumtangazia mtu kifo cha uongo ni dhambi."

"Nani katangaza? Mimi nimesema nimekufa? Kasema mtoto, na hajapata hata komunyo. Mwache aje. Akija leo tutaonana. Akija siku nimekufa kweli, yeye ataniona, mimi sitamwona."

Baba alisimama na baiskeli yake, hajui aiegemeze au aipande. Mama ndiye aliyesema kilichokuwa moyoni mwake. "Mama, atasema mimi ndiye niliyemdanganya. Atasema ni yule mke wa Tunduru." Kwa miaka yote ile alikuwa hajawahi kumpa shemeji yake sababu ya kweli ya kumsema, na sasa mimi nilikuwa nimempatia moja kubwa, na tena mbele ya mtaa mzima.

"Atasema," Bibi akajibu. "Wewe shika taa yako."

Kusubiri kule! Sijui hata niseme nini. Watu hawakuondoka, maana nani angeondoka? Walikaa kwenye viti vyetu uani, wakanywa maji yetu, moto wa matanga ukizimika wenyewe kwa aibu. Baba alitoka akaingia, akatoka akaingia. Alihamisha shuka, akalirudisha. Akaweka kamera juu ya kigoda, akakisogeza, akapima hatua, akamwambia mama ainue flashi, aishushe, aende kulia zaidi, mpaka mama akajikuta amesimama karibu kabisa na mlango. Baba akajaribu mara moja, pwaa, kupima, na uani watu wakaruka. Mimi nilikuwa nimejikunja chini ya dirisha. Nilikuwa nimeshaelewa kwamba Bibi yu hai, lakini sikufurahi. Picha ilikuwa bado, na kwa hesabu yangu kifo kilikuwa bado kinamsubiri. Na mama yangu angelaumiwa. Nilitamani lori lipate pancha.

Halikupata. Saa tisa hivi lilisimama barabarani. Baba Mkubwa alishuka amevaa koti la Jumapili, kitabu cha sala kwapani, machozi yanamtoka waziwazi. Watu wote uani wakanyamaza, na yeye akauchukulia ukimya ule kuwa ni wa msiba. Alifika kwenye minyaa, pale pale pake, wala hakupunguza mwendo. Akavuka uani. Akainama kidogo mlangoni kwa sababu ya urefu wake. Akaingia.

Alipiga magoti akashika miguu ya Bibi kwa mikono yote miwili. "Mama, nisamehe. Nilisimama nje, mama. Nilisimama nje kama mgeni." Alilia vile ambavyo sijawahi kumwona mwanamume analia. Na Bibi alimwacha alie. Nilimwona amekodoa macho, anamtazama, na hakuharakisha. Mwishowe akasema, "Inatosha. Unanilowesha miguu."

Baba Mkubwa alirudi nyuma, akaangukia kigoda, kamera nusura ianguke, baba akaidaka. Yule mtu aligeuka rangi. Alimtazama Bibi, akatazama mashuka, akamtazama mdogo wake mwenye kamera mkononi. Kisha akamtazama mama yangu.

"Nani kafanya hivi?"

"Ni mimi," nikasema kutoka dirishani. Sijui ujasiri niliutoa wapi. "Ni mimi, Baba Mkubwa. Niliona viti. Nikaona na mashuka."

Alikiokota kitabu chake, akakipangusa, akaelekea mlangoni. Na mlangoni yuko mama, flashi mkononi, na ule waya umevutika kutoka kwake mpaka kwenye kamera ya baba, umekatiza njia usawa wa kifua. Ili atoke ilikuwa lazima aunyanyue, au aombe njia. Alisimama. Walikuwa wametenganishwa na hatua moja.

Mama akasema, "Shikamoo, shemeji."

Kwetu unaweza kumnyima mtu shamba, unaweza kumnyima binti, lakini shikamoo uliyopewa usoni, mama yako anasikia, mtaa mzima unasikia dirishani, utaifanyaje?

"Marahaba," akasema, taratibu.

"Karibu. Mama amekusubiri sana."

Alibaki pale. Bibi, kutoka kitandani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi, "Mwanangu, miguu imeshaingia. Ukitoka sasa haiwi kwamba haikuingia." Nje Mama Tulizo akaguna, "Hilo nalo neno."

Akarudi. Akaketi upande wa kulia wa Bibi. Kamera ya baba ilikuwa na kijiti pembeni, ukikivuta inajipiga yenyewe baada ya muda. Baba aliiweka kigodani, akachungulia, Bibi akainuliwa akaegemezwa katikati, na alipokuwa anasubiri akanyoosha kidole dirishani. "Na wewe uliyeniua, njoo ukae hapa miguuni." Nilikwenda. Nikamshika kifundo cha mguu kwa nguvu zangu zote ili picha isimchukue. Baba akavuta kijiti, kikaanza kuguna, akakimbia kuja kushoto. Mama akainua mkono. Pwaa.

Nilimtazama Bibi. Alipepesa macho, akasema anataka uji.

Mkanda wa kamera ulikuwa bado una nafasi ya picha kumi na moja. Baba aliutoa hivyo hivyo, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akautuma Dar kwa basi. Sitawadanganya kwamba kuanzia siku ile Baba Mkubwa na mama wakawa marafiki. Alikuja, aliingia, alikaa ukingoni mwa kiti. Chakula cha mama alikila alipokuja mara ya tatu. Na Bibi aliishi mpaka mahindi yalipovunwa. Siku alipokufa kweli tulilia saa nzima peke yetu, maana Mama Tulizo alimtuma kwanza mtu aje ahakikishe.

Lakini picha ilirudi Bibi akiwa bado yupo. Baba aliitoa kwenye bahasha, akaitazama, akakasirika. "Kaka kaiharibu. Nilimwambia atazame kamera." Kweli. Bibi yuko katikati, uso umeoshwa vizuri, kila mkunjo unaonekana. Baba kushoto anahema. Mimi nimekodoa macho chini. Baba Mkubwa, kulia, amegeuza uso kabisa, anatazama pembeni, juu kidogo, na uso wake si wa hasira. Ni uso wa mtu anayetaka kusema kitu na hajui aanzie wapi.

Bibi aliomba apewe. Aliisogeza karibu, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Huyu anatazama nini?"

"Anatazama taa, mama," baba akasema, bado ana kinyongo.

"Taa ilikuwa imeshikwa na nani?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe cha uji. "Mimi, mama," akasema.

Bibi akaigeuza picha ile, akampa yeye, hakumrudishia baba. "Basi na wewe umo," akasema.

Mama aliweka kikombe chini, akaichukua picha kwa mikono miwili, akatoka haraka kwenda jikoni. Tulisikia sufuria zinagongana kwa muda mrefu, na saa ile hapakuwa na kitu chochote cha kupika.